Tumeelewana, Anasema Nani?

Ujumbe uliingia saa mbili usiku kwenye grupu letu la ukoo: "Mama ana dawa ya presha toka juzi." Nilikuwa jikoni nasonga ugali. Nikausoma, nikashukuru Mungu, nikaendelea na mwiko wangu. Kumbe dawa ipo, tena tangu juzi. Dada yangu mkubwa aliyeko Dodoma akaweka dole gumba. Mjomba akaandika Alhamdulillahi. Tukalala.

Asubuhi ya siku ya tatu jirani yake mama akanipigia. Mama alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, kichwa kinamgonga, macho yanaona kiza. Dawa hakuwa nayo hata kidonge kimoja. Mdogo wangu, ambaye anaishi karibu naye na ndiye aliyeandika ule ujumbe, alikuwa anatuomba tuchange hela ya kununua. Alikusudia "hana".

Mama alipelekwa hospitali akapata nafuu, na hilo ndilo la kwanza. La pili ni maneno aliyoniambia mdogo wangu nilipomuuliza. Hakuwa na ubaya, alinishangaa kwa dhati. "Dada, nawe umezidi ualimu. Kwani pale tulikuwa kwenye mtihani? Mbona siku zote tunaelewana?"

Jibu hilo nimelisikia kila mahali. Nalisikia kwenye kikoba chetu, ambako mimi ni katibu na kutwa nasoma ujumbe wa wanachama. Nalisikia kwenye grupu la wazazi wa darasa la nne, la majirani, la kamati za harusi. Mwambie mtu kwamba hapo alipoandika panapotosha, atakujibu kabla hujamaliza: bora tumeelewana, hii si barua ya kazi, huku tunapiga stori tu. Wanaolisema ni watu wazima, wengine wana shahada, na wanalisema kwa kujiamini, kana kwamba kujali herufi kumebaki kwa walimu wastaafu. Mimi nalikataa jibu hilo, na nalikataa kwa moyo wangu wote.

Mtazame kwanza anayelitamka. "Tumeelewana" husemwa na aliyeandika. Kwa aliyesoma sijawahi kulisikia. Aliyesoma ndiye aliyebeba mzigo: amerudia mstari mara tatu, ametazama ujumbe uliotangulia na uliofuata, amekisia, pengine ameingia gharama ya salio kupiga simu kuuliza. Akifaulu, sifa anachukua mwandishi. Akishindwa anaambiwa, si ungeuliza? Lakini mtu huuliza pale anapojua kwamba hajaelewa. Kwenye lile grupu letu tupo watu 11, na hakuna hata mmoja aliyeuliza, kwa sababu wote tulielewa vizuri kabisa. Tulielewa kinyume.

Na hapo ndipo Kiswahili kinapodai uangalifu wake. Lugha yetu huweka ukanushi mwanzoni mwa neno, na mara nyingi ukanushi wenyewe unakaa ndani ya herufi moja nyepesi ambayo wengi wetu, tukiongea kwa haraka, wala hatuitamki. Ana, hana. Una, huna. Atakuja, hatakuja. Utalipwa, hutalipwa. Yapo maneno yanayojiokoa yenyewe. Mtu akiandika "ajui" au "apendi", irabu ya mwisho imekwisha kugeuka kuwa i, na msomaji anatambua kwamba pana h iliyoanguka. "Ajafika" nayo inaokolewa na ile -ja- ya katikati. Lakini "ana" na "atakuja" havina cha kuviokoa. Ukidondosha h hapo umesema ndiyo mahali ulipotaka kusema hapana, na sentensi inasimama wima, safi, haina hata dalili ya kosa. Kosa linaloonekana halina hatari kubwa, maana msomaji hulirekebisha. Linaloumiza ni lile lililovaa nguo za usahihi.

Kwa mdomo hatudhuriki hivyo. Mdogo wangu angenipigia simu na kutamka "mama ana dawa" bila h yoyote, ningesikia kwenye pumzi yake kwamba hana. Ana kwa ana ningeona kichwa kinavyotikisika na kiganja kinavyofunguka kitupu. Maandishi hayana kiganja. Chochote ambacho sauti na uso vingekisema, herufi ndizo zinazobaki kukisema, kwa hiyo zina kazi kubwa zaidi kwenye simu kuliko mdomoni. Wanaosema "tunaandika kama tunavyoongea" wanasahau nusu ya kuongea kwenyewe.

Wapo pia wanaoiongeza h pasipotakiwa: "hasante", "hamekuja", "hatakuja" kwa maana ya atakuja. Mtu anayeidondosha hapa na kuibandika pale ananiharibia hata yale anayoandika sawasawa. Ninaye mwanachama mmoja, mwaminifu, mchapakazi, hajawahi kuchelewesha marejesho. Akiniandikia kuhusu mdhamini wake kwamba "ana hela", lazima nimpigie. Pengine kaandika sahihi kabisa siku hiyo. Mimi nitajuaje?

Kisha kuna kufyeka irabu. Kwenye kikoba nilipata ujumbe huu mwisho wa mwezi: "Nmlp 50." Jaribu kuujaza. Nimelipa 50. Namlipa 50. Nimlipe 50? Konsonanti ni zile zile nne, kwa mpangilio ule ule, na katikati yake pana tofauti kati ya hela iliyokwisha kuingia, hela iliyo njiani, na mtu anayeomba ushauri. Kiingereza kikinyang'anywa irabu, mara nyingi mifupa ya neno inabaki na mtu analitambua. Kwetu sisi irabu ni sehemu ya mifupa. Silabi zetu karibu zote zinaishia na irabu, na kitenzi kimoja kinabeba mtendaji, wakati, mtendewa na kitendo vikiwa vimeshikana mikono. Ukikata irabu umekata mikono. Niliandika kwenye daftari alama ya kuuliza, nikapiga simu. Alikuwa bado hajalipa.

Hapa lazima nimrudie mama, kwa sababu kila ninaposikia "huku tunapiga stori tu" namuona yeye. Mama alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, kwenye madarasa ya kisomo yaliyoenea nchini baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Alianza na ba be bi bo bu chini ya mwembe, jioni akitoka shamba, dada yangu mkubwa akiwa mgongoni. Mpaka leo anasoma hivyo hivyo. Anavaa miwani, anailaza simu mapajani juu ya kanga, kidole kinatembea chini ya mstari na midomo inacheza: ni-me-fi-ka sa-la-ma. Akifika mwisho uso wote unafunguka. Siku mjukuu wake alipofika chuoni na kumwandikia "nmfka slm bb", alikaa na ule ujumbe mchana kutwa. Kidole hakikuwa na pa kuanzia, maana silabi alizofundishwa hazikuwamo. Jioni alivaa viatu akaenda dukani kumwomba kijana wa duka amsomee. Mjukuu alikuwa amefika salama, na bibi yake alikaa na wasiwasi saa nane kwa habari iliyokuwa mkononi mwake.

Nisieleweke kwamba nawasema vijana. Wapo wanaolia kila siku kwamba vijana wameua Kiswahili kwa "xaxa", "cjui", "2taonana" na "mambo vp". Mimi kesi hiyo siifungui. Iangalie "cjui" kwa makini. Kijana ameweka c mahali pa si, ukanushi umebaki pale pale mwanzoni, hakuna kilichopotea. Kwa hesabu yangu huyo ameitunza lugha kuliko mtu mzima mwenye cheti ukutani anayeandika "ana" akikusudia hana. "Xaxa" nayo ina kanuni yake, na rika lote linaijua. Maneno ya mtaani ya Dar na Sheng ya Nairobi yana wenyewe wanaoyafahamu, tena huwa wakali kuliko walimu ukiyatumia vibaya. Waachwe na lugha yao. Ninachowaomba ni kwamba wakimwandikia bibi wakumbuke kuwa yeye si wa rika hilo.

Ufupisho huo ulikuwa na sababu zake, na sababu hizo nazikumbuka. Ujumbe wa simu ulibeba herufi 160. Ukivuka hapo ulikatwa hela ya ujumbe wa pili, na kwa mwanafunzi hiyo ilikuwa hela. Kubana herufi ilikuwa kubana matumizi. Siku hizi mtu yule yule anatuma picha 20 za harusi kwa mkupuo mmoja, na herufi moja zaidi haimgharimu chochote. Sababu imekufa, mazoea yamebaki, na sasa tunayatetea kana kwamba ni haki yetu.

Kabla ya simu tulikuwa na barua, na wahenga walikuwa na neno lake: barua ni nusu ya kuonana. Bibi yangu mzaa mama hakujua kusoma, kwa hiyo alikuwa akinisemesha nami nikiandika, kuanzia dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mpaka salamu za mtu mmoja mmoja. Tukimaliza alikuwa haniruhusu kufunga bahasha. "Nisomee." Nasoma. "Hapo sikusema hivyo. Rudia." Zilikuwa barua za mazungumzo ya kawaida kabisa: mbuzi kazaa, mvua imechelewa, fulani kaolewa. Hakuna aliyezipa alama. Bibi alijua tu kwamba atakayeipokea yuko mbali, hataweza kumuuliza, na barua ikiteleza itatelezea huko huko.

Uangalifu huo ni wa zamani pwani yetu. Waswahili waliandika kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya hizi tunazotumia, na herufi hizo zilikuwa na alama tatu tu za irabu wakati sisi tuna irabu tano, tena hazikuwa na p wala ch wala v. Msomaji alikuwa na kazi ya kukisia. Katika karne ya 19 kule Mombasa, Mwalimu Sikujua alijishughulisha kuboresha mwandiko huo ili sauti za Kiswahili zitofautishwe, na baadaye Sheikh Yahya Ali Omar, mzaliwa wa Mombasa, akaiendeleza kazi hiyo. Fikiria mtu anakaa na kalamu yake kuhangaikia jinsi msomaji atakavyotofautisha p na b. Huyo alikuwa anamhurumia mtu asiyemuona. Sisi herufi tunazo zote, ziko chini ya kidole gumba, na tunaona uzito kuibonyeza moja.

Hoja ninayoiheshimu ni nyingine. Wanasema kudai usahihi ni kuwadhalilisha watu ambao Kiswahili si lugha yao ya kwanza, au waliokatishwa shule. Hoja hii inanigusa kwa sababu nimeuona udhalilishaji huo kwa macho yangu. Kwenye grupu la msiba, mama mmoja jirani yetu aliandika, "Mungu amlaze mahari pema peponi." Mtu mmoja akajibu kwa nyuso tano za kucheka. Mwingine akamuuliza mahari ni ng'ombe wangapi. Yule mama aliandika "samahanini", halafu akatoka kwenye grupu. Mimi nilisoma yote hayo nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kunanisumbua mpaka leo. Kumcheka mtu aliyekuja kutoa pole ni ukatili, na usahihi wa herufi hauwezi kuuhalalisha. Kama kuna wa kusahihishwa anasahihishwa pembeni, kwa staha, na msibani hasahihishwi kabisa.

Lakini kutokana na ukatili huo watu wanatoa hitimisho ambalo ndilo linalomwacha yule mama peke yake: basi aandike anavyotaka. Lafudhi ni ya mdomo, na kila mdomo una kwao. Kisukuma kina l, hakina r. Kikuyu kina r, hakina l. Msukuma na Mkikuyu wakilitamka neno "mahali", yaelekea utasikia maneno mawili na utajua kila mmoja ametoka wapi. Wakiliandika inavyopasa, ni neno moja. Karatasi haijui mama zao waliwalea kwa lugha gani. Maandishi ni uwanja ambapo lafudhi haimfuati mtu, ambapo hawezi kuchekwa kabla hajasikilizwa, na huo ndio uwanja tunaoubomoa kwa kusema herufi hazina maana. Mtu aliyesoma sana akiandika ovyo hapotezi kitu, maana cheo chake kinamtangulia. Anayepoteza ni mama lishe anayeomba oda ya chakula cha mkutano, fundi anayeandika makadirio ya kazi, binti wa kazi za ndani anayedai mshahara wake kwa ujumbe wa simu. Hao wakiandika ovyo hawajibiwi. Kuwaambia "msijali, tutawaelewa" ni ahadi ambayo anayeitoa hayupo siku wanapokosa kueleweka.

Wengine wataniambia hata hicho kinachoitwa usahihi kilipangwa na watu. Ni kweli, tena juzi juzi tu. Kikao cha Mombasa cha mwaka 1928 ndicho kilichokichagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya kuisimamia kazi hiyo ikaundwa mwaka 1930, chini ya wakoloni. Wenye Kimvita na Kiamu walikuwa na haki ya kununa. Kwa hiyo mtu wa Lamu akiniandikia "ndoo" akiniita, sitamwambia amekosea njoo, na mtu wa Lubumbashi akiandika "batu" najua ni watu. Wanaandika lugha yao ilivyo, na leo wanaandika kama walivyoandika jana. Anayeandika "ana" asubuhi akikusudia hana, na "hana" jioni akikusudia ana, hajatuletea lahaja mpya.

Sarufi naipitia haraka, kwa sababu makosa yake mengi hayanikoseshi usingizi. "Kitabu yangu" inaniumiza sikio, maana yake naipata. "Kwahiyo" iliyoshikana, herufi kubwa iliyosahaulika, nukta isiyokuwepo, yote hayo nayavuka. Lakini zipo siku ambazo hata upatanisho wa ngeli ni jambo zito. Basi likipinduka, na wewe una ndugu wawili ndani yake, kati ya "amefariki" na "wamefariki" pana herufi moja tu.

Na hayo mazungumzo ya kawaida ni yapi hasa? Nimerudi nyuma wiki moja kwenye simu yangu. Kuna ada ya mtoto, bei ya kiwanja, tarehe ya kupeleka posa, michango ya msiba, mtu anayekataa deni, mtu anayekubali deni, dawa ya mama. Mambo makubwa yote ya familia zetu siku hizi yanapita humo humo kwenye stori, katikati ya vichekesho na salamu za Ijumaa. Sheria nayo imeliona hilo. Hapa Tanzania, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ujumbe wa namna hii kupokelewa mahakamani kama ushahidi, na kwa mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 Kiswahili kimekuwa lugha ya mahakama zetu zote, si zile za mwanzo tu. Sasa tuseme umemlipa mtu deni lake lote, naye akakujibu: "Nimepokea, una deni langu tena." Wewe na yeye mnajua alikusudia huna. Akifa kesho, watoto wake wakafungua simu yake, wewe utawaambia mlielewana?

Kwa mtu asiyejiamini na herufi zake ninalo la kusema: tuma sauti. Bonyeza, sema, mama atasikia, na lafudhi yako haitamdhuru mtu. Kwa anayejiamini ombi langu ni dogo zaidi. Ukiandika habari ya dawa, hela, safari au kifo, usome mara moja kabla ya kutuma, hasa kama simu yako imewekewa Kiingereza na inapenda kukubadilishia maneno. Sekunde tatu zinatosha. Mdogo wangu sasa anafanya hivyo, na hatukugombana.

Dawa ilinunuliwa siku ile ile. Jioni, wakati sote tukiwa bado tunapigiana simu, kwenye grupu likatokea jina la mama, ambaye huwa haandiki. Chini ya jina lake palionekana kwamba anaandika, kisha pakatulia, kisha anaandika tena, kwa karibu robo saa. Ujumbe ulipofika haukuwa na herufi kubwa wala nukta: "dawa nimepata nimekunywa sasa hamna shida wanangu".